Kupakata Angani: Mzazi Peke Yake na Watoto Wadogo kwenye Ndege ya Dodoma

Mashirika ya ndege huwagawa abiria kwa umri katika makundi matatu. Aliyetimiza miaka 12 ni mtu mzima. Wa kuanzia miaka 2 hadi kabla ya 12 ni mtoto, naye lazima awe na kiti chake. Aliye chini ya miaka 2 ni mtoto mchanga, na huyo huruhusiwa kusafiri bila kiti, amepakatwa na mtu mzima, kwa nauli ambayo mara nyingi haizidi asilimia 10 ya nauli kamili. Ukiutazama haraka, mgawanyo huu unaonekana ni hesabu ya nauli tu. Lakini ndimo zilimo karibu shida zote za mzazi anayepanda ndege peke yake na watoto wadogo: nani akae wapi, nani amshike nani, na mkono upi utabaki wa kufungulia begi.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuianzia habari hii. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini uhamaji ulishika kasi baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Watumishi walihama kwa awamu. Familia hazikuhama zote. Ziko nyumba nyingi ambazo baba yuko Dar es Salaam, mama ana ofisi Mtumba, bibi yuko Moshi au Bukoba, na watoto wako na mama. Wapo pia akina baba waliobaki na wadogo Nzuguni au Kisasa huku mke yuko masomoni. Ikija likizo au msiba, mmoja wao huwakusanya watoto na kupanda ndege, kwa sababu barabara ya Dar ni kilomita 450 hivi na ndege huimaliza kwa takriban saa moja.

Kwenye basi mzazi huyo asingekuwa peke yake hasa. Angekwenda na mdogo wake au dada wa kazi, maana nauli ya mtu mmoja zaidi inabebeka. Na hata akikosa mtu, yupo jirani wa kiti: "Mama, naomba unishikie huyu kidogo nimtengenezee maziwa." Mtoto hupita mikononi mwa watu watatu kabla basi halijafika Kibaigwa. Bei ya tiketi ya ndege ndiyo inayomwacha yule mdogo mtu nyumbani. Kwa hiyo maandalizi yote ya safari hii yana kazi moja: kuipata tena ile mikono iliyobaki nyumbani, au kupanga mambo ili isihitajike.

Kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya jiji, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Abiria hutoka kwenye jengo, hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege, kisha hupanda ngazi. Kwa mwenye begi la kompyuta hilo si jambo. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka mitatu, huo ni mtihani wa kwanza, tena wa kwenye upepo, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unajua kupeperusha khanga.

Mtazame anavyofika kwenye ngazi. Mdogo yuko mgongoni kwa mbeleko, kama alivyozoea kumbeba. Begi la nepi liko begani na linateleza. Mkono wa kulia umeshika pasi ya kupandia na kitambulisho, wa kushoto umemshika mkubwa, na mkubwa anataka kusimama aangalie pangaboi. Ngazi ina kishikizo, lakini hana mkono wa kukishika. Mambo mawili yangembadilishia hali yote. La kwanza ni kumhamishia mtoto kifuani, ili mgongo ubaki kwa ajili ya begi lenye mikanda miwili. La pili ni kuning'iniza karatasi shingoni kwenye kijaluba chenye kamba, kwa kuwa kuanzia mlango wa uwanja hadi kitini zitaombwa zaidi ya mara moja. Hapo mkono mmoja ni wa mtoto mkubwa na mwingine ni wa ngazi.

Kabla ya hapo kuna ukaguzi. Mtoto hutolewa kwenye mbeleko, kigari hukunjwa na kupita kwenye mashine, viatu na mkanda huenda kwenye trei. Mavazi ya mzazi siku hiyo yawe ya kuingia na kutoka bila kuinama: viatu visivyo na kamba, gauni au blauzi inayofunguka mbele kwa anayenyonyesha. Mashirika mengi huchukua kigari cha kukunja bila malipo, ila muulize mtu wa kaunta kama utakiacha pale au utakisukuma hadi chini ya ndege. Na mwambie waziwazi: niko peke yangu na watoto wawili, naomba msaada wa kupanda. Ombi hilo hutolewa mapema, wakati wa kukata tiketi, na hurudiwa kwenye kaunta. Wapo akina mama wanaoona haya kuomba. Wafanyakazi wa uwanja wanaifahamu kazi hiyo, ila hawawezi kumkisia mwenye shida katika msongamano wa abiria, hasa siku za vikao vya Bunge.

Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja

Kanuni kuu ni kwamba mtu mzima mmoja hupakata mtoto mchanga mmoja tu. Ina sababu mbili, na kila mzazi anafaa azijue, kwani asiyezijua huiona kama ukorofi wa mhudumu.

Ya kwanza ni kutoka ndani ya ndege panapotokea hatari. Ndege kubwa ya abiria hupewa cheti baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Mtu aliyebeba watoto wawili wasiotembea hawezi kwenda na mwendo huo. Ya pili ni oksijeni. Kwenye jeti kama Airbus A220-300 za Air Tanzania, zenye viti 132, barakoa hushuka zenyewe hewa ya ndani ikipungua, na kwa kawaida kila kundi la viti lina barakoa moja tu ya ziada. Ndiyo maana wazazi wawili wenye wachanga hutenganishwa hata kama ni ndugu. Mzazi huvaa yake kwanza, kisha ya mtoto, kwa kuwa hewa ikiwa haba sana angani mtu mzima hupoteza fahamu kwa muda mfupi mno, na mzazi aliyezimia hamsaidii mtu.

Mwenye mapacha amebanwa zaidi. Mmoja hupakatwa, wa pili lazima akatiwe kiti na kufungwa kwenye kiti cha mtoto cha gari kilichoidhinishwa kwa ndege. Mashirika mengi hayaruhusu mtoto wa chini ya miezi sita kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, hivyo mama wa mapacha wa miezi mitatu anaweza kukataliwa kabisa kusafiri bila mtu mzima wa pili. Aulize kabla ya kulipa. Aulize pia umri wa chini wa kusafiri: kuna mashirika yanayotaka mtoto awe ametimiza siku 7, mengine siku 14, na mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda akatakiwa barua ya daktari.

Je, mikono ya mama inatosha kumshikilia mtoto? Swali hili lilipata uzito tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya United Airlines ilipotua kwa ajali Sioux City, Marekani, ikiwa na watu 296. Kati yao walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Kiongozi wa wahudumu, Jan Brown, aliwaelekeza wazazi wawalaze sakafuni na kuwashikilia, kama taratibu za wakati ule zilivyosema. Mmoja wa watoto hao alifariki. Brown alitumia miaka mingi baadaye akidai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Mimi niko upande wake. Mtoto wa kilo 10, ndege ikisimama ghafla, huvuta kwa nguvu ya kilo nyingi zaidi ya hizo, na hakuna mikono ya kuizuia nguvu hiyo. Anayemudu kiti cha pili akinunue, na mtoto mwenye kilo 10 hadi 20 anaweza kutumia mikanda ya kifuani ya CARES, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2006 na ambayo hukunjika ikaingia kwenye begi.

Wengi hawamudu, na nchi karibu zote huruhusu kupakata. Basi kuna mkanda mdogo wa mtoto unaopachikwa kwenye mkanda wa mzazi. Kanuni za Ulaya huutaka; Marekani imeukataza, kwa hoja kwamba mzazi akirushwa mbele humgandamiza mtoto. Mhudumu akikupa, ufunge kiunoni mwa mtoto peke yake. Usiuzungushe mkanda wako mkubwa ukawafunga nyote wawili kwa pamoja. Na mbeleko, inayosaidia mno kila mahali pengine, mara nyingi mhudumu ataomba ifunguliwe wakati wa kuruka na kutua, maana haikutengenezwa kuhimili mshtuko huo. Mtoto aliyelala kifuani huamka hapo akilia. Mfungue mapema, injini zikiwa bado zimezimwa, ili aweze kusinzia tena.

Masikio, na kwa nini kushuka Dar ni kuzito kuliko kushuka Dodoma

Ndani ya ndege iliyo juu, hewa hubanwa kiasi cha kufanana na ile ya mlima wenye mita 1,800 hadi 2,400. Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ndege ikipaa, hewa ya chumba hicho hutanuka na kutoka kwa urahisi. Ikishuka, hewa ya nje huongezeka uzito, ngoma husukumwa ndani, na mrija lazima ufunguke ili mambo yalingane. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba na umelala karibu usawa, kwa hiyo huziba upesi, hasa akiwa na mafua. Mtu mzima hupiga mwayo au humeza mate, mchanga hajui.

Hapa jiografia ya nyanda za kati huingia. Mtoto wa Dodoma amezoea hewa ya mita 1,100. Wa Dar yuko kwenye usawa wa bahari. Ukipiga hesabu ya mkandamizo wa hewa, kutoka mita 2,400 za ndani ya ndege hadi uwanja wa Dodoma kuna tofauti ya nusu tu ya ile ya kutoka hapo hadi uwanja wa Dar. Kwa maneno mengine, kushuka Dar hulisukuma sikio la mtoto mara mbili ya kushuka Dodoma, na zaidi ya hapo ndege isipopanda juu sana. Mzazi aliyesafiri vizuri kurudi Dodoma asishangae mtoto yuleyule akipiga mayowe juu ya Pwani. Tumbo nalo lina hesabu yake: gesi iliyonaswa matumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja mtu akitoka Dar, na kwa kama sehemu moja ya sita tu akitoka Dodoma. Wenye watoto wa msokoto wa tumbo wawacheulishe vizuri kabla ya kuruka, zaidi wanapotoka Pwani.

Dawa ya masikio ni kumeza. Titi ndilo bora, kisha chupa, kisha chuchu bandia. Kwa wa miaka mitatu, maji kidogokidogo kwa mrija, au ubuyu wa kumumunya ukiwa umekwishatolewa kokwa. Wakati wake ndio wengi hukosea. Mama humnyonyesha mtoto ndege inapopaa, mtoto akashiba akalala fofofo, na masikio yakaja kumwamsha mwisho wa safari akiwa hataki tena titi. Kwa safari ya saa moja, mwache na njaa kiasi wakati wa kuruka. Ukisikia mlio wa injini ukipungua na pua ya ndege ikiinama, mwamshe hata kama roho inauma, umnyonyeshe mpaka magurudumu yaguse chini. Kushuka huanza mapema kuliko tangazo la kufunga mikanda, mara nyingi dakika 20 au zaidi kabla ya kutua. Mtoto mwenye mafua makali au sikio linalouma apelekwe kwa daktari kwanza, na ikiwezekana safari iahirishwe.

Neno moja kuhusu dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Wapo wanaoshauriana kumpa mtoto Piriton ili alale njiani. Tafadhali, hapana. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili dawa za aina hiyo zinaweza kudhoofisha upumuaji, na wengine huwafanya wachachamae badala ya kulala. Mzazi akiwa peke yake angani, mtoto anayelia ni nafuu kuliko mtoto asiyeamka.

Saa ya kuruka

Ardhi ya Dodoma ni kavu, na mvua huja msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Miezi ya kiangazi, hasa Septemba hadi Novemba, jua la mchana huichoma ardhi tupu, hewa ya moto hupanda kwa mafungu, na ndege huyapita mafungu hayo ikitikisika. Ndege za pangaboi, kama Dash 8 Q400 za Air Tanzania zenye viti 76 na ATR za Precision Air, huruka chini kuliko jeti, kwa hiyo huyahisi zaidi. Chagua ndege ya asubuhi. Ndiyo iliyo tulivu, ndiyo inayokutana na mtoto kabla hajachoka, na ikichelewa bado kuna mchana mbele yako.

Choo cha ndege hizi ni kidogo mno. Usitegemee kupata meza ya kubadilishia. Badilisha nepi uwanjani, dakika za mwisho kabla ya kuitwa. Ndani, mkubwa akae dirishani na wewe uwe kati yake na njia.

Karatasi

Kwa safari za ndani, cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA ndicho humaliza ubishi wa umri. Tangu mwaka 2013 uko mpango, ulioanzia Mbeya, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata bila malipo, hivyo ni vyema kisisubiri siku ya tiketi. Angalia pia tarehe ya kuzaliwa: mtoto atakayetimiza miaka 2 kabla ya kurudi lazima akatiwe kiti cha kurudia.

Nje ya nchi mambo hukaza. Kila mtoto huwa na pasipoti yake. Kuna jambo la kwetu ambalo maofisa wa nchi nyingine huenda wasilielewe: mtoto hubeba jina la baba, mama huendelea na jina la baba yake mwenyewe, na matokeo yake mama na mwana wanasimama mbele ya dirisha la uhamiaji bila jina hata moja linalofanana. Cheti cha kuzaliwa, chenye majina ya wazazi wote wawili, ndicho kinachowaunganisha. Kiambatanishe na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu, pamoja na nakala ya kitambulisho chake na namba ya simu atakayoipokea. Mjane abebe cheti cha kifo. Aliyepewa malezi na mahakama abebe amri. Masharti haya yalizaliwa na hofu ya wizi wa watoto. Afrika Kusini iliyakaza sana mwaka 2015, kiasi kwamba familia nyingi zilirudishwa viwanjani, kisha ikayalegeza mwishoni mwa 2019.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Iandae mapema.

Kuunganisha Dar

Mpaka sasa anayekwenda Muscat, London au Toronto kutoka Dodoma hupitia kwanza uwanja mwingine, mara nyingi wa Julius Nyerere. Uwanja mpya wa Msalato, kaskazini mwa jiji, uliwekewa jiwe la msingi Oktoba 2022 ukiwa umepangiwa njia ya kurukia ya kilomita 3.6, ili ndege kubwa zitue hukuhuku. Kwa anayeunganisha Dar, mambo mawili. Tiketi iwe moja kwa safari nzima, ama sivyo utachukua mizigo yote na kuikabidhi upya ukiwa na watoto. Na uhakikishe jengo utakaloshukia: Jengo la Tatu, lililofunguliwa Agosti 2019 kwa safari za kimataifa, na Jengo la Pili hayako chini ya paa moja.

Kwenye ndege kubwa omba kitanda cha ukutani mapema, kwa kuwa ni vichache na kwa kawaida huchukua mtoto asiyezidi kilo 10 au 11. Sharti la vimiminika vya mililita 100, lililoanza baada ya njama ya London ya Agosti 2006, haliyahusu maziwa ya mtoto ya kutosha njiani. Yatoe yakaguliwe peke yake. Anayerudi nyumbani akumbuke kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Nepi chafu na nguo za kubadilisha zifungwe kwenye mfuko wa kitambaa.

Palipo na treni

Tangu Julai 2024 treni ya umeme huiunganisha Dodoma na Dar kwa takriban saa nne. Kwa mzazi aliye peke yake na anayeishia Dar, naiweka mbele ya ndege kila mara mtoto ana mafua au mkubwa ni wa kukimbiakimbia: haiumizi sikio, mtoto husimama akatembea kwenye njia, na nauli yake humwezesha yule mdogo mtu kuja. Ndege inabaki ya wanaounganisha mbali, na ya safari za msiba ambazo hazina subira.

Ndege ikishatua, kaa. Abiria wa mbele na nyuma watasimama wote kwa pamoja na kuvuta mabegi juu ya kichwa cha mtoto, waache wapite. Ndege ikiwa tupu, mkague mtoto, kagua mfuko wa kiti, funga tena mbeleko kifuani, vaa begi mgongoni. Hapo mhudumu ana nafasi, na ukimwambia "Dada, naomba unishushie huyu mkubwa," atamshika mkono mpaka chini. Ndugu waliokuja kupokea hawaruhusiwi kuvuka mlango wa kutokea. Utawaona kupitia kioo, wameshanyoosha mikono, huku wewe bado unasubiri kigari.